Shule ya kibinafsi Nakuru, bodi nyumbani, au ningoje uanagenzi wa TSC?

TarajaliLuanda
Hamjambo walimu. Nimemaliza mtihani wa mwisho Chuo Kikuu cha Maseno wiki jana na nina hadi Ijumaa kutoa jibu. Shule moja ya kibinafsi Nakuru, upande wa Lanet, imeniita: 18,000 kwa mwezi, chumba ndani ya shule na chakula cha mchana. Ya pili ni shule ya upili nilikofanyia mazoezi ya ualimu, hapa Vihiga. Mwalimu mkuu anataka nirudi nifundishe chini ya bodi, yaani nilipwe na shule yenyewe, kwa 9,000, nilale nyumbani. Ya tatu ni kungoja uanagenzi wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, ile 20,000 kwa mwezi. Ningeshika ipi?

ChakiNjoro
Masomo yako ni yapi? Nambari ya usajili ya TSC unayo? Mwenye Fizikia na Hisabati hapewi ushauri mmoja na mwenye CRE, somo la dini ya Kikristo.

NyarKano
Na hiyo 18,000 ni kabla ya makato au baada? Umeandikiwa au umeambiwa kwa simu? Uliza Agosti na Desemba wanalipa nini. Mimi nilifundisha mwaka mzima Kisumu nikalipwa miezi tisa, likizo ikifika mkurugenzi anasema wazazi hawajaleta karo.

TarajaliLuanda
Samahani, nilikuwa na haraka. Kiswahili na Historia. Nambari sina, mahafali ni Desemba. Mshahara niliambiwa kwa simu.

ChakiNjoro
Basi la tatu lifute kwa sasa. Nambari ya TSC inaombwa ukiwa na cheti mkononi, cheti cha maadili kutoka kwa polisi, fomu ya daktari na ada ya 1,055. Bila nambari huwezi hata kutuma ombi la uanagenzi. Na Sheria ya TSC ya 2012 inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa, kwa hivyo hizo mbili zilizobaki waulize watakuandika kama nani hadi Desemba.

Kiswahili na Historia tuko wengi, mdogo wangu. Ukikosa mara ya kwanza usivunjike moyo. TSC hutoa alama kwa miaka uliyokaa tangu uhitimu, na kuna watu wamengoja tangu ukiwa darasa la sita.

BodiMiakaMinne
Rudi nyumbani. Nilikuwa bodi Kakamega miaka minne. Ndiyo, pesa inatoka kwa karo, na karo ikichelewa nawe unachelewa, kuna muhula nililipwa kwa gunia la mahindi na nusu ya deni. Lakini nilikuwa darasani kila siku. Mwaka wa 2023 TSC ilipochukua wanagenzi 21,550 wa sekondari msingi, mwalimu mkuu wangu ndiye aliyenipigia simu asubuhi nafasi zilipotangazwa. Ukiwa Lanet umefungiwa na zamu za usiku, nani atakukumbuka?

MwalimuLanet
Nani amekwambia tunafungiwa? Nilianza shule ya kibinafsi hapa Nakuru, na maazimio ya kazi niliyajulia huko. Kila Jumatatu naibu mkuu alikagua andalio la kila somo, na kama hukuandika huingii darasani. Leo nimeajiriwa na TSC na hakuna mkaguzi anayenitisha.

MamaWebuye
TarajaliLuanda, soma hili lote kabla ya Ijumaa.

Nilipohitimu nilichukuliwa na shule ya kibinafsi, mji siutaji. Siku ya kwanza karani aliniomba vyeti "vya faili". Nikadhani atavitoa nakala anirudishie. Akaviweka kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina langu kwa kalamu nyekundu, akafunga kabati. Nilipouliza, akasema hiyo ndiyo taratibu, kwa sababu walimu hutoroka katikati ya muhula. Nikanyamaza, nilihitaji kazi.

Mwezi wa tano TSC ikaniita mahojiano, Jumatano saa mbili asubuhi, na vyeti halisi lazima. Jumatatu nikaenda kwa karani, mwenye ufunguo ni mkurugenzi. Mkurugenzi yuko Nairobi. Jumanne nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatano nikaenda na nakala. Yule mama kwenye meza alizitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hizi haziwezi." Akaniita mwalimu. Nililia kwenye matatu hadi Webuye.

Vyeti vyangu nilivipata Agosti, na nafasi nyingine niliingoja miaka miwili. Wape nakala. Halisi zilale chini ya godoro la mama yako.

NyarKano
Pole sana, mama. Hata mimi waliniomba, nikakataa.

MwalimuLanet
Si shule zote. Lakini kwa vyeti MamaWebuye amesema kweli.

KalamuBondo
Nje kidogo ya mada. Kwa nini tunaita "mwanagenzi" mtu mwenye shahada na nambari ya TSC? Mwanagenzi ni anayejifunza kazi. Mwalimu tarajali ni yule bado yuko chuoni. Aliyefuzu ni mwalimu.

ChakiNjoro
Mahakama ya ajira ilisema karibu hivyo hivyo Aprili 2024, kwamba mwalimu aliyefuzu hawezi kuajiriwa kama mwanagenzi.

BodiMiakaMinne
Na bado tulifundisha kama wanagenzi hadi Januari 2025 tulipopewa ajira ya kudumu, tukiwa 46,000. Tulikuwa barabarani wiki nzima na mabango mwaka wa 2024. Jina halikunisumbua, KalamuBondo, kilichonisumbua ni 17,000 baada ya makato na mtoto wa kunyonya.

KalamuBondo
Jina ndilo lililowapa ruhusa ya kuwalipa hiyo 17,000.

TarajaliLuanda
Nimesoma yote, ahsanteni. MamaWebuye, nimemwonyesha mama ujumbe wako.

Niseme kwa nini bodi inanivuta. Kidato cha pili pale kulikuwa na msichana aliyekuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa tu. Wiki ya mwisho ya mazoezi alisimama akasoma ubeti alioutunga mwenyewe kuhusu mama yake na tanuri la matofali. Nilihesabu mizani kwa vidole nyuma ya meza: kumi na sita kila mshororo, vina vyote vimetimia. Nataka kumfundisha kidato cha tatu. Lakini 9,000, na wadogo zangu wawili wako shule ya bweni.

Nimepigia Nakuru, nimeomba barua yenye mshahara na malipo ya likizo. Wamesema watatuma kesho.

NyarKano
Wasipotuma, hilo nalo ni jibu.

MwalimuLanet
Wakituma, niandikie kando nikuonyeshe vyumba nje ya shule. Na ubebe sweta, Lanet asubuhi si Luanda.

BodiMiakaMinne
Mwambie mwalimu mkuu wa Vihiga aongeze hata 2,000. Wakati mwingine bodi hukubali ukiomba.

MkufunziMbale
Samahani kuingilia, nami nahitimu Desemba. Alama za vidole za cheti cha maadili zinachukuliwa Huduma Centre ya Kakamega, au lazima niende Kisumu?

ChakiNjoro
Kakamega wanachukua. Nenda mapema, foleni ya Jumatatu ni ndefu.