Samoni wa Norway wanakua mbio kwa sababu ya mbegu, chakula au wametiwa kitu? Nauliza kwa ajili ya mwatiko wangu

MwatikoPemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nafuga samaki wa mwatiko huku Pemba, mabwawa yangu yapo nyuma ya mikoko, bamvua likija, yaani bahari ikijaa sana, nafungua mlango maji yanaingia yenyewe. Vifaranga nanunua kwa vijana wanaovizoa mikokoni kwa chandarua. Sasa kinachonisumbua ni hichi, bwawa moja, chakula kimoja, nimewatia siku moja, lakini nikivua namkuta mmoja anatoka kiganja mpaka karibu na kiwiko na mwengine hajafika hata urefu wa kiganja, na mnunuzi sokoni anamtaka yule mkubwa tu, hawa wadogo nabaki nao wanakula chakula changu bure.

Mtoto wa dada yangu yuko Unguja anasoma, akanambia mjomba samoni wa kufugwa zamani nao walikuwa hivohivo, watu wa Norway wakawafanyia utafiti miaka mingi mpaka wakapata samaki anayekua mbio. Nikawa nauliza watu, mmoja ananambia wale wamebadilishwa jeni maabara, mwengine ananambia ni sindano za homoni, mwengine chakula. Ukweli upi? Na kama walichagua tu wale wakubwa, mie siwezi kuwaacha hawa wakubwa wangu wakawa wazazi?

Buyu_Bahari

Waalaykum salaam kaka. Nimesoma mambo ya ufugaji wa samaki kwa hiyo hili nalijua vizuri, niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Samoni wa Norway wanaouzwa duniani hawakubadilishwa jeni maabara, na wala hawapigwi homoni. Alikuwepo samoni mmoja aliyebadilishwa kweli, wa kampuni ya Marekani, walimtia jeni ya homoni ya ukuaji kutoka samoni wa aina nyengine, serikali yao ikamruhusu mwaka 2015, lakini huyo ni mbali kabisa na hawa wa Norway na alifugwa kidogo mno. Nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya.

Norway walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliokuwa mbele ni maprofesa wawili, Harald Skjervold na Trygve Gjedrem, na Skjervold kazi yake ilikuwa uzalishaji wa ng'ombe, kwa hiyo njia waliyotumia ni ileile ya kuchagua madume na majike ya ng'ombe wa maziwa wakaihamishia kwa samaki. Wakakusanya mayai ya samoni wa porini kutoka mito kama 40 ya nchi yao, wakatotolesha, halafu tizama hapa kaka kwa sababu ndo jibu la swali lako, kila familia, yaani watoto wa baba mmoja na mama mmoja, wakaiweka kwenye tangi lake peke yake mpaka wakafika ukubwa wa kutiwa alama. Baada ya hapo ndo wakawachanganya. Kwa hiyo mtu akimshika samaki mmoja anajua huyu ni mtoto wa nani, alizaliwa lini, ndugu zake wana uzito gani. Walipokuja kuwapima samoni wa kizazi cha tano pamoja na wale wa porini katika hali moja, wale wa kuchaguliwa walikuwa wamekua zaidi ya mara mbili, na kila kilo waliyoongeza walikula kama sehemu moja kati ya tano pungufu.

Sasa wako. Yule mkubwa wa bwawani kwako hujui kama ana damu nzuri au kamzidi mwenzake umri tu, maana vifaranga vya kuzoa mikokoni havikuzaliwa siku moja, wengine wameingia na bamvua lile, wengine hili. Kifaranga aliyetangulia wiki chache tu anakuwa mbabe, anawahi chakula, na tofauti inazidi kupanuka kila siku. Ukimchagua huyo umechagua umri, hujachagua mbegu. Na tabu ya pili, mwatiko anachukua miaka kama 5 mpaka awe mzazi, na hatagi kwenye bwawa la kina kifupi, wakati wake ukifika anataka bahari.

Kwa hiyo cha kufanya sasa ni kuwachambua kwa ukubwa wakiwa bado wadogo, uwatenge mabwawa mbalimbali, na hao wadogo utaona wanaanza kukua wakishaondokewa na wababe.

BiKhadija_Nungwi

Mie nafanya kazi jikoni hotelini, samoni napokea kwenye makasha ya barafu, anakuja kwa ndege. Ukimkata minofu yake ina mistari myeupe ya mafuta imepangana, na ile rangi yake wageni ndo wanayoipenda. Nikasikia ile rangi inatiwa kwenye chakula. Ni kweli jamani au maneno ya watu? Maana wageni wananiuliza na sipendi kumwambia mtu jambo nisilolijua.

Buyu_Bahari

Kweli Bi Khadija, inaitwa astaksanthini. Samoni wa baharini anaipata kwa kula wadudu wa baharini jamii ya kamba, wa kufugwa asipotiwa kwenye chakula nyama yake inakuwa haina ule wekundu. Wala si rangi ya kupaka, inafanya kazi mwilini mwake pia. Kwenye mafuta ndo pamebadilika zaidi. Mwaka 1990 chakula cha samoni Norway kilikuwa karibu 90 kwa mia kinatoka baharini, unga wa samaki na mafuta ya samaki. Samaki wa kusagwa hawatoshi dunia nzima, wakaingiza soya na mafuta ya mbegu za mimea, siku hizi kinachotoka baharini ni kama robo tu. Matokeo yake omega-3, yale mafuta ya samaki yenye faida mwilini, kwenye mnofu imepungua, kwa samoni wa Skotlandi waliopimwa ilishuka karibu nusu kati ya mwaka 2006 na 2015. Bado anayo nyingi kuliko kuku au nyama ya ng'ombe, usiwatishe wageni wako.

Ami_Wesha

Nyie vijana mnazungumza mbegu, mie nazungumza tumbo. Nimefuga mwatiko muda mrefu na nawaambieni samoni ni mla nyama, mwatiko anakula ukoga. Mkianza kuiga chakula cha samoni mtafilisika. Mie bwawa nalikausha mpaka udongo unapasuka, natia mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, naingiza maji kidogo kiasi cha kufunika kifundo cha mguu, jua linapiga siku kadhaa pale chini kunaota utando wa kijani kama zulia, ukiushika unateleza na una harufu ya bahari, hapo ndo naongeza maji na kutia vifaranga. Pumba natia baadae ukoga ukipungua. Dagaa za kusaga sinunui, dagaa ni chakula cha watu, iweje nichukue chakula cha maskini nikampe samaki wa kuuza hotelini.

Buyu_Bahari

Shikamoo ami. Hapo umesema kweli tupu na ningependa wafugaji wote wasome hayo maneno yako. Ila niongeze kwamba utafiti wa chakula cha samoni unatufaa hata sisi, si kwa kuiga chakula chenyewe, kwa kujua samaki anavoumwa akikosa kitu kidogo tu. Miaka ya 1990, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipotikisa Ulaya, unga wa damu ukaondolewa kwenye chakula cha samoni. Baadae wafugaji wakaanza kuona macho ya samaki yana ukungu mweupe, mtoto wa jicho, samaki haoni chakula, hali, anakonda. Ikaja kugundulika ule unga wa damu ulikuwa na histidini nyingi, ni kipande kimojawapo cha protini, wakairudisha kwa njia nyengine macho yakapona kwa vizazi vilivofuata. Na soya nayo, ukimtia samoni soya isiyosafishwa vizuri sehemu ya mwisho ya utumbo wake inavimba. Kwa hiyo mtu anayechanganya chakula nyumbani, mashudu na pumba na soya, asitizame uzito peke yake, amtizame samaki macho, mapezi, na kinyesi.

MwatikoPemba

Shukran sana, ami na weye kaka. Kumbe hata macho yao nilikuwa siyatizami. Na maradhi je? Nasikia kule wanachanja samaki, mbona siamini.

Fundi_Majaruba

Amini ndugu yangu, wanachanjwa kweli. Samoni kabla hajapelekwa baharini anapigwa sindano tumboni, mmoja mmoja, siku hizi kuna na mashine. Mwaka 1987 Norway walitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa samaki, chanjo zilipoenea ikashuka mpaka chini ya tani moja kwa mwaka, na samaki wenyewe wameongezeka mara nyingi. Mie hilo ndo linaloniumiza roho nikiona mtu anamwaga dawa za kuku bwawani bila ya kujua anatibu nini.

Na kwenye mbegu wana jambo jengine la maana. Kuna kirusi kinaua samoni wadogo, kinaharibu kongosho. Mwaka 2008 na 2009 wanasayansi wa Skotlandi na Norway waligundua kwamba kuishi au kufa kwa kirusi kile kunategemea zaidi sehemu moja ya jeni. Baada ya hapo wazazi wanapimwa, wanachukuliwa wenye ile kinga, milipuko ikapungua sana. Lakini usisahau waliweza kwa sababu familia zilikuwa zimeandikwa tangu zamani, ndugu wa familia moja wengine wanapelekwa kuambukizwa maradhi, wengine wanawekwa wawe wazazi.

Kaka, kama moyo wako uko kwenye mbegu basi tizama perege. Njia hiihii ya samoni ilipelekwa Ufilipino mwaka 1988 kwa msaada wa hao watafiti wa Norway, ikatoka mbegu ya sato, ndugu yake perege, iliyoenea Asia. Perege anazaa ndani ya miezi, huhitaji kusubiri miaka 5. Na sisi tuna historia yetu, perege aliyechukuliwa Zanzibar akapelekwa Malaka, huko Malaysia, mtafiti Hickling akampandisha dume wa Zanzibar kwa jike wa Msumbiji wakatoka madume watupu, habari akaitangaza mwaka 1960. Vitabu vingine vya samaki vinamwita kwa jina la Zanzibar, na watoto wetu skuli hawajaambiwa.

Ami_Wesha

Hilo la sato mnilindie. Sato akitoroka akaingia mtoni anachanganyika na perege wetu, huwezi tena kumtoa.

Buyu_Bahari

Ni kweli ami, huko Tanzania bara jambo hilo limeshatokea. Na Norway samoni waliotoroka vizimbani wamezaliana na wa porini kwenye mito mingi, watoto wao wanakua mbio lakini mtoni hawadumu kama wale wa asili. Kwa hiyo tukitaka kuchagua mbegu tuchague kwa perege wetu wenyewe, tusilete wa nje.

Kaka MwatikoPemba, kwa mwatiko wako ningekushauri uulizie vifaranga kwenye kile kituo cha kutotolea samaki cha Beit el Ras, Unguja. Waulize kabisa hawa ni wa mtago mmoja? Ukipata wa mtago mmoja umri wao ni mmoja, hapo tofauti utakayoiona bwawani ina maana.

MwatikoPemba

Inshaallah. Swali la mwisho, vifaranga kutoka Unguja mpaka Pemba wanasafiri vipi, si watakufa melini?

Fundi_Majaruba

Mifuko ya plastiki migumu, maji kidogo oksijeni nyingi, mfuko ndani ya mfuko, uuweke kwenye kasha na barafu iliyofungwa pembeni isimguse samaki. Usiwape chakula siku moja kabla. Panda meli ya usiku kuna ubaridi. Ukifika usiwamwage, uache mfuko uelee bwawani mpaka joto lilingane, kisha uingize maji ya bwawa kidogokidogo, kwa sababu chumvi ya bwawa lako na ya huko walikotoka hazilingani.