Mkate bapa wa jibini na majani ya viungo: kwa nini katikati hauivi?

Muuliza swali:
Wenzangu, nimeoka mkate bapa wa jibini mara tatu kwa gramu 500 za unga wa ngano, gramu 7 za hamira kavu na mililita 325 za maji, na kila mara kingo hukauka huku katikati, chini ya jibini, pakibaki na majimaji, ilhali mrehani ninaounyunyiza juu huungua na kuwa mchungu. Je, nipunguze maji ya kukandia?

Mchangiaji wa kwanza:
Kipimo chako cha maji hakina kosa, ndugu yangu, ninashuku jibini. Mozarela mbichi ina maji mengi, kwa hiyo ichambue vipande vidogo, iache kwenye chujio kwa nusu saa, kisha uikaushe kwa kitambaa safi. Pasha oveni hadi nyuzi 230 za Selsiasi trei ikiwa ndani, ili donge lipate joto kutoka chini mara tu linapowekwa. Kwangu mimi, hili lilisaidia kuliko jambo jingine lolote. Oka dakika 8 bila jibini, kisha iongeze na uendelee kwa dakika 5 au 6.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye. Rosemari na oregano kavu huvumilia moto zikichanganywa na mafuta ya zeituni, lakini mrehani mbichi utie mkate ukishatoka.

Muuliza swali:
Nawashukuru sana. Je, trei nyembamba ya alumini itafaa?

Mchangiaji wa kwanza:
Itafaa, ingawa ya chuma kizito hutunza joto vizuri zaidi.