Jipiesi (GPS) na dira kwa boti ndogo: mnavitumiaje kwa pamoja?

Mwenye boti, Kunduchi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina boti ya faiba ya mita 7 ninayovulia, na mara chache huvuka nayo hadi Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Safari iliyopita, tukirudi jioni, simu yenye ramani ya jipiesi, inayotuonyesha mahali tulipo kwa setilaiti, iliingia maji ikazima, nami nikatambua kwamba, ingawa dira ilikuwa mbele yangu muda wote, sikujua nishike digrii ngapi. Mzee tuliyekuwa naye ndiye aliyetufikisha. Naomba kuelekezwa.

Nahodha mstaafu
Pole, mwanangu. Dira hukuonyesha omo (sehemu ya mbele ya chombo) inakotazama, ilhali jipiesi hukuonyesha chombo kinakokwenda, na tofauti ya hayo mawili ndiyo nguvu ya mkondo na upepo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, tena huongezeka kasi wakati wa kusi (msimu wa upepo wa kusini), hivyo anayetoka Kizimkazi akielekeza omo Kunduchi moja kwa moja atajikuta ameangukia kaskazini. Kwa mwendo wa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), mkondo wa noti 1 unaokukata ubavuni hudai urekebishe digrii 10 hivi. Jipiesi ingali hai, andika daftarini kila nusu saa mahali ulipo na digrii za dira zinazokuweka njiani. Ikizima, unaendelea na digrii hizo, ukihesabu masafa kwa saa na mwendo. Simu na spika ya redio ziwe mbali na dira, maana sumaku zilizomo ndani ya vyombo hivyo huipotosha.

Mvuvi wa Msasani
Niongeze jambo la kina cha maji. Wakati wa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupanda na kushuka mita 3 hivi, kwa hiyo mwamba uliopita juu yake asubuhi karibu na kisiwa cha Mbudya waweza kukungoja mchana, na mstari wa jana kwenye jipiesi hautakuambia. Mimi bado natembea na bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina). (Usiku msiitafute Nyota ya Kaskazini, huku kusini mwa ikweta haionekani.)

Mwenye boti, Kunduchi
Ahsanteni. Je, mzee, wakati wa kurudi nizigeuze tu digrii nilizoshika wakati wa kwenda?

Nahodha mstaafu
La. Ukienda, mkondo hukusukuma kushoto. Ukirudi, hukusukuma kulia. Tuseme njia yenyewe ni digrii 45, nawe ulishika 55 ili usichukuliwe. Kurudi njia ni 225, basi ushike 215; ukigeuza ile 55 utashika 235, na kosa litakuwa maradufu.