Gumzo la ukoo: bunduki ya kwanza ya Baba Neema

Baba Neema (Idodi): Kamwene ukoo. Wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nataka kununua raifo, ndiyo ya kwanza. Nataka niombe leseni ya uwindaji wa wenyeji, nipate swala au nguruwe pori kihalali. Na hao nguruwe ndio wanaonimalizia mahindi. Hela ni ya mpunga wa msimu huu, hakuna nyongeza, Januari kuna ada. Mjomba, nianzie wapi?

Mjomba (Kalenga): Marahaba mpwa wangu, kamwene. Anzia ofisi ya serikali ya kijiji, dukani utaenda baadaye. Sheria ya silaha ni ya mwaka 2015. Maombi yanatoka kijijini, yanapanda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hadi mkoani, na unachunguzwa kabla ya kumilikishwa. Yeyote atakayekwambia "chukua bunduki, karatasi tutamalizana" mkimbie, hata kama ni rafiki yako.

Kaka (Mafinga): Shikamoo Mjomba. Kuna mtu huku anauza raifo ya .375 kwa bei ya kutupa. Nikamuulizie?

Mjomba (Kalenga): Marahaba. Muulize kwanza leseni iko jina la nani na kama polisi wanajua anauza. Kama ni halali, bado simshauri Baba Neema aichukue. .375 H&H ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya mwaka 1912, ya nyati na wanyama wakali. Ndiyo tuliyobeba porini miaka yangu yote ya uaskari wanyamapori. Risasi zake ni ghali na inapiga teke begani vibaya. Mtu anayeanza akipigwa mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ikishaingia kuiondoa ni kazi kubwa. Kwa swala ni kupoteza hela.

Baba Neema (Idodi): Basi .22? Nimeambiwa risasi zake ndizo rahisi kuliko zote na haina kishindo.

Mjomba (Kalenga): Kwa kujifunzia shabaha hakuna bora kuliko .22. Haisukumi, haitishi, unaweza kupiga asubuhi nzima ukarudi na hela mfukoni. Lakini kichwa cha risasi yake ni gramu mbili na nusu hivi. Ukimpiga nayo nguruwe pori unamjeruhi tu, anaingia kichakani na maumivu, anafia huko baada ya siku kadhaa au anamrukia mtoto wa mtu anayeokota kuni. Mimi sikubali mnyama ateswe kwa sababu tumebana bajeti.

Shangazi (Ipogolo): Hapo umenena kaka.

Mwalimu (Ilula): Shikamoo Mjomba. Sasa katikati ya .22 na .375 achukue ipi?

Mjomba (Kalenga): Marahaba Mwalimu. Kwa shughuli aliyoitaja, .308 au .30-06, hata 7x57 ya zamani. Zote zinamwangusha swala au nguruwe ikiwa mpigaji anajua anapopiga. .30-06 ni ya mwaka 1906, .308 ilitoka 1952, na kwa mnyama wa ukubwa huo hataona tofauti. .308 inarudi nyuma kidogo kwa upole. .243 ni pole zaidi, ila kwa nguruwe dume mkubwa nataka risasi nzito kuliko hiyo.

Mjomba (Kalenga): Ila kabla ya kupenda kaliba yoyote, Baba Neema, pita kwenye maduka ya silaha yenye leseni uulize risasi gani zipo rafuni leo na zipi huwa zinarudi. Uliza maduka zaidi ya moja. Bunduki nzuri yenye risasi za kuagiza na kusubiri itakaa ndani tu. Kaliba ichaguliwe na duka la risasi, usiichague kwa picha za kwenye simu.

Baba Neema (Idodi): Nimekuelewa. Mpya au iliyotumika?

Mjomba (Kalenga): Iliyotumika, ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, kupitia duka lenye leseni. Raifo ya bolti iliyotunzwa inamshinda umri mwenyewe. Angalia Brno za Chekoslovakia, zile ZKK. Modeli 600 ni ya .30-06 na 7x57, 601 ni fupi kidogo, ndiyo ya .308 na .243, na 602 ndiyo ya kina .375. Zimefuata bolti ya Mauser ya mwaka 1898, mwaka aliofariki Mtwa Mkwawa, na hadi leo watengenezaji wanaiga. Kuna kulabu ndefu ubavuni mwa bolti inayoshika tako la risasi tangu inapotoka magazini mpaka ganda linaporushwa nje. Hata ukikoki kwa pupa haikwami ovyo.

Kaka (Mafinga): Mpya za bei nafuu nazo si mbaya Mjomba. Ruger American, Savage Axis. Mitutu yake inapiga vizuri sana.

Mjomba (Kalenga): Kweli, mitutu ni mizuri. Vitako vya plastiki ni vyepesi na havivimbi kwa mvua. Akiikuta kwa bei yake na karatasi ziko sawa, achukue. Sina ugomvi na plastiki.

Baba Neema (Idodi): Nitajuaje iliyotumika haijachoka?

Mjomba (Kalenga): Omba ruhusa ya muuzaji, hakikisha chemba (risasi inapokaa tayari kupigwa) na magazini (kisanduku cha risasi) ni tupu, toa bolti kabisa. Elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirishani uchungulie kutoka nyuma. Unataka kuona mifereji inayozunguka, kingo zake kali, inang'aa hadi mwisho. Ukiona madoadoa meusi kama vishimo, hiyo ni kutu iliyokula chuma, huisugui ikatoka. Kisha geuza utazame mdomo wa mtutu. Pita na kucha pale ukingoni. Kama una pengo au umebonyea, risasi zitatoka zikienda upande hata kama ndani ni safi. Wenye bunduki wengi huiegemeza mdomo chini kwenye gari au jiwe, ndiyo hivyo unaharibika.

Mjomba (Kalenga): Tazama kitako pale nyuma ya bolti, ufa mwembamba wa mbao huanzia hapo. Halafu soma namba ya chuma na namba ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata moja, rudisha mezani utoke.

Mwalimu (Ilula): Nimehifadhi ujumbe huu.

Shangazi (Ipogolo): Mimi nina swali moja. Neema ana miaka sita, mdogo wake anatembea. Hiyo bunduki italala wapi?

Baba Neema (Idodi): Shangazi, kabatini, juu kabisa.

Shangazi (Ipogolo): Hapana baba. Watoto wanapanda. Mimi nimelea saba najua.

Mjomba (Kalenga): Dada yangu kasema ninachotaka kusema. Mpwa, hela yako igawe kabla hujaingia dukani. Isiishie yote kwenye bunduki. Sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, fundi wa kuchomelea wa Iringa mjini atakutengenezea. Risasi sehemu nyingine, na kufuli yake. Ufunguo uwe na wewe. Kisha darubini, kisha risasi za mazoezi. Ikibidi ushuke bei ya bunduki ili hivi vitoshe, shuka.

Kaka (Mafinga): Darubini si anaweza kuongeza baadaye?

Mjomba (Kalenga): Anaweza, kama bunduki ina nishani za chuma za kulengea na zinatazamana vizuri. Akinunua, achukue ya kawaida ya kukuza mara nne, imara, na vishikizo vyake viwe imara vilevile. Zile kubwa za bei ya chee zinahama kila ukipiga, unamlaumu mtutu bure. Aende kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa ainyooshe shabaha kwa mita 100, apige polepole, asiache mpaka matundu yakusanyike mahali pamoja.

Mama Neema: Shikamoo Mjomba. Na hao nguruwe wa shambani usiku? Mimi ndiye ninayelala kwenye dungu.

Mjomba (Kalenga): Marahaba mama. Hapa naomba mnisikilize wote. Raifo haifai kwa lindo la usiku. Risasi ya .308 ikimkosa nguruwe inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Huko Idodi ni tambarare, na majirani wako nao wamelala kwenye madungu yao. Gizani huoni kilicho nyuma ya nguruwe. Kama hakuna kichuguu au mteremko wa udongo wa kuipokea risasi, kidole kisiguse kifyatulio. Wakivamia shamba, mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya, yeye ndiye anayeamua nani apige na lini. Ninyi jengeni uzio mzito wa miiba na muweke mbwa.

Mama Neema: Na tembo je? Wiki hii wamepita kwa jirani.

Mjomba (Kalenga): Tembo haguswi. Uzio wa kamba za katani zilizopakwa oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki pembezoni, na simu kwa wahifadhi. Mmekumbuka pia kwamba vijiji vyenu vimo MBOMIPA, ile jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori? Hata swala wa eneo lile ana utaratibu wake, leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Ni karatasi mbili tofauti.

Baba Neema (Idodi): Hiyo ya karatasi mbili sikuwa nimeifikiria. Basi Jumatatu naenda kwa mtendaji na barua. Nikishapita naulizia risasi za .308 mjini, halafu naleta majibu hapa.

Mjomba (Kalenga): Vizuri. Ukiiona ZKK 601 nitumie picha ya mdomo wa mtutu, karibu, kwenye mwanga. Usilipe kabla sijaiona.

Shangazi (Ipogolo): Na picha ya sanduku.

Baba Neema (Idodi): Sawa Shangazi. Fundi nampigia kesho asubuhi.