Kioo cha abiria hupanda lakini hakishuki: je, mota imekufa?

Mwenye Corolla, Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Ninalo gari aina ya Toyota Corolla la mwaka 1998, na vioo vyake vya umeme vimeanza kunitaabisha. Kioo cha abiria wa mbele hupanda vizuri nikibonyeza swichi ya mlango wake, lakini hakishuki. Nikikijaribu kwa swichi kuu iliyo mlangoni mwangu, hakipandi wala hakishuki. Vioo vya nyuma havina neno. Kioo changu mwenyewe hufanya kazi, ila ni kizito, na mchana wa kaskazi husimama katikati, kisha baada ya dakika kadhaa huendelea kana kwamba hakikuwa na tatizo. Fundi mmoja, ambaye hata kava ya mlango hakuifungua, ameniambia mota ya upande wa abiria imekufa na ninunue nyingine ya mtumba. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha, maana kipoza hewa hakifanyi kazi, na foleni ya feri ya Likoni bila upepo ni adhabu.

Fundi wa umeme wa magari, Changamwe

Ndugu yangu, fedha zako zikae mfukoni kwanza. Mota hizi hutumia mkondo mnyoofu (DC), na huzunguka upande huu au ule kwa kubadilishiwa chanya na hasi tu. Kwa hiyo mota inayoweza kukipandisha kioo, ambayo ndiyo kazi nzito, haijafa. Kitufe cha dereva cha kuzuia vioo visiendeshwe na abiria nacho hakihusiki, kwa kuwa vioo vya nyuma navyo vingegoma.

Katika magari mengi ya aina hii, nyaya mbili hutoka swichi kuu hadi swichi ya abiria, na wakati hakuna aliyebonyeza chochote, zote mbili huishia kwenye ethi, yaani upande wa hasi uliounganishwa na bodi ya gari, ndani ya swichi kuu. Abiria akibonyeza kupandisha, chaji huanzia kwenye swichi yake, hupita kwenye mota, kisha hurudi kwa waya mmoja hadi upande wa dereva kutafuta ethi. Akibonyeza kushusha, hurudi kwa waya wa pili. Waya huo wa pili ukikatika, swichi ya abiria hubakiwa na mwelekeo mmoja, na swichi kuu haiwezi lolote, kwa sababu yenyewe huhitaji nyaya zote mbili kila mara. Dalili zako ni hizo hizo.

Anza na mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango wa dereva na nguzo ya bodi, kwa kuwa mlango huo ndio unaofunguliwa kuliko mingine yote. Uchomoe mpira huo na uvute kila waya taratibu: uliokatika ndani hunyooka kama lastiki, hata kama ngozi yake ya nje ni nzima.

Mkazi wa Bamburi

Kwa heshima yako fundi, gari langu hulala karibu na bahari, na lilipopata ugonjwa unaofanana na huu, nilikuta shaba za ndani ya swichi kuu zimeota kutu ya kijani. Nilizisafisha kwa msasa laini na kioo kikashuka. Kwa nini asianze hapo, ilhali ni rahisi zaidi?

Fundi wa umeme wa magari, Changamwe

Chumvi ya Pwani naijua, bwana, na swichi kuu huiharibu kweli. Lakini mguso wa ethi, yaani shaba inayouunganisha ule waya wa pili na ethi, ukishika kutu, swichi kuu hushindwa kukishusha kioo tu; kukipandisha itaweza, kwa sababu wakati huo waya ule hupewa chaji kupitia mguso mwingine. Yeye amesema hakipandi wala hakishuki. Akikuta nyaya zote nzima ndipo aifungue swichi.

Akiukuta waya uliokatika, aunganishe kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, alehemu kwa risasi na kufunika kwa mrija unaosinyaa kwa joto. Viungo vikae nje ya sehemu inayopinda, kwa maana waya uliolehemiwa huwa mgumu na hukatika tena pale pale. Kusokota na kufunga tepu hakudumu katika hewa yetu.

Mzee wa gereji, Kongowea

Niseme juu ya kile kioo kizito. Mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikielemewa, kisha huurudisha zikipoa, na ndiyo maana chako husimama na kuendelea. Chanzo mara nyingi ni mifereji ya mpira kukauka na kujaa mchanga. Ifute kwa kitambaa cha maji ya sabuni, ikauke, kisha upulize mafuta ya silikoni. Grisi ya kawaida hunasa vumbi na huharibu mpira. Ukifungua kava, karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake usiichane, kwani ndiyo izuiayo maji ya mvua kuingia ndani ya gari. Na ikiwa mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, ni ya mikono ya mkasi yenye springi, usiitenganishe na mota kabla ya kuifunga mikono hiyo kwa bolti, maana ikifyatuka hukata vidole.

Mwenye Corolla, Kisauni

Ahsanteni sana, wazee wangu. Waya mmoja ulikuwa umekatika kabisa ndani ya mpira wa mlango wangu, na mingine miwili ilikuwa imepasuka ngozi. Yote mitatu imelehemiwa, na kioo cha abiria sasa kinatii swichi zote mbili. Chini ya mlango nilikuta matundu ya kutolea maji yamezibwa na mchanga, nikayazibua. Kioo changu kimekuwa chepesi na hakijasimama tena tangu juzi, ila hutoa mlio wa kusaga kinapokaribia juu. Jumapili nitaifungua kava niitazame mashine yenyewe, nikiwa na bolti mkononi.