Hilux inachemsha ikipanda vilima na mzigo, kwenye foleni haina tatizo: nianzie wapi?

Mchukuzi wa Mbezi

Salaam, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa mawazo kuhusu pikapu yangu, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, ambayo naitumia kubebea saruji na nondo kutoka Tegeta hadi dukani kwangu Mbezi Mwisho, nikipitia Madale na Goba. Ikiwa tupu, au hata ikiwa na mzigo kwenye barabara tambarare, mshale wa joto hukaa chini kidogo ya nusu na hausogei. Lakini nikipakia mifuko 20 ya saruji, hasa mchana wa miezi hii ya joto kali, nikianza kupanda vilima vya Goba mshale hupanda taratibu hadi kukaribia alama nyekundu, nami hulazimika kusimama pembeni. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba kwenye foleni, hata iwe ndefu kiasi gani, haichemshi.

Fundi amekwisha kubadilisha wota pampu, kisha akaondoa themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta kulingana na joto) kwa maelezo kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Tangu hapo asubuhi injini inachelewa kupata moto, na vilimani inachemsha mapema kuliko awali. Maji hupungua kidogo, nami huongeza ya kisima cha nyumbani. Sasa anataka kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Kabla sijatoa fedha hizo, je, kuna vipimo vinavyoweza kufanywa kwanza?

Fundi wa Gerezani

Ndugu Mchukuzi, maelezo yako yamekwisha kufanya nusu ya kazi. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia huwa na upungufu wa hewa: feni, klachi yake, au lile kava la plastiki linaloizunguka. La kwako liko kinyume. Injini ya dizeli ikinguruma bila mzigo huzalisha joto dogo sana, na rejeta iliyoziba hata nusu ya mirija yake bado hulimudu. Ukipanda kilima na tani moja mgongoni, joto huongezeka mara nyingi, na hapo ndipo upungufu wa mzunguko wa maji unapoonekana. Kwa hiyo mimi naanza kuishuku rejeta kabla ya hedi.

Kuhusu themostati, namwomba fundi mwenzangu aniwie radhi, lakini hoja ya nchi ya joto haina msingi. Injini inatakiwa kufanya kazi kwenye nyuzi zilezile iwe Dar es Salaam au Makambako. Isitoshe, themostati za injini nyingi za Toyota zina visahani viwili: cha juu hufungua njia ya kwenda rejeta, na cha chini, kwa wakati uleule, huziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiing’oa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Hiyo ndiyo sababu vilimani inachemsha mapema zaidi kuliko mwanzo. Nunua mpya yenye kisahani cha chini, na kabla ya kuifunga itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, iwashie moto, uitazame. Iliyochapwa 82 inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au karibu sana na hapo. Isiyofunguka irudishe dukani siku hiyohiyo, maana spea za bandia sokoni si chache.

Kipimo cha rejeta ni rahisi. Endesha na mzigo hadi joto lipande, simama, kisha pitisha kipimajoto cha miale usoni mwa rejeta kutoka juu hadi chini. Nyuzi zinapaswa kupungua polepole na kwa usawa. Ukikuta eneo ambalo ghafla ni la baridi kuliko jirani yake, mirija ya hapo haipitishi maji. Tochi nayo isaidie: chungulia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, kama unayo, kwa sababu vumbi na wadudu hujazana pale bila kuonekana kwa mbele.

Mzee wa Temeke

Nakubaliana na Fundi kuhusu themostati, lakini sikubaliani na mpangilio wake. Gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) iliyoanza kuvuja nayo hujitokeza kwenye mzigo kwanza, kwa kuwa hapo ndipo mgandamizo ndani ya silinda unapokuwa mkubwa; tena ndugu yetu ametueleza kwamba maji yanapungua. Ningependelea jambo hilo liondolewe kwenye orodha kabla ya kugharimia rejeta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa na utazame. Vipovu vichache vya mwanzo si kitu, lakini vikiendelea kutoka mfululizo wakati maji bado ni baridi, hiyo ni hewa ya silinda. Kisha funga kifuniko, na ndani ya dakika moja au mbili ibonyeze hozi ya juu. Ikiwa imekwisha kuwa ngumu ilhali ni baridi, fundi wako ana hoja. Tazama pia kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Kuna vilevile dawa ya majimaji ya bluu inayowekwa kwenye chupa juu ya shingo ya rejeta. Ikivuta hewa yenye moshi wa injini hubadilika rangi, na gereji kadhaa za hapa mjini zinayo.

Kifuniko chenyewe nacho kikaguliwe. Vingi huandikwa 0.9, na kwa mgandamizo huo hata maji matupu hayachemki hadi kwenye nyuzi 118 hivi. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka mapema na kutoroka kupitia kopo la akiba, nawe ukadhani yanaliwa na injini. Na tafadhali, kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Nimeshuhudia kijana akiungua uso kwa haraka ya dakika tano.

Mchukuzi wa Mbezi

Shikamoo Mzee, na ahsanteni wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Vipovu havikuendelea, hozi ya juu ilibaki laini hadi injini ilipopata moto, na oili ni safi. Mpira wa kifuniko umepasuka ukingoni, nimenunua kingine. Kipimajoto niliazima kwa jirani anayetengeneza majokofu: juu ya rejeta kilisoma 94, katikati 83, lakini upande wa chini kushoto, eneo la upana wa viganja viwili, kilishuka ghafla hadi 51. Nilipotoa maji, yalitoka ya rangi ya kutu, na shingoni kuna utando mgumu kama ukoko wa sufuria ya chai.

Fundi wa Gerezani

Marahaba kwa niaba ya Mzee. Hedi iacheni ilipo.

Kile kiutando ni kazi ya maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo hubaki ndani kila unapoongeza. Watu hudhani kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya kuzuia barafu na kwa hiyo haituhusu. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, isipokuwa kama chupa imeandikwa kwamba tayari imechanganywa.

Sasa rejeta yenyewe. Kama ni ya shaba, mafundi rejeta huyeyusha risasi, hung’oa tangi la juu, hupitisha bati jembamba katika kila mrija na kufunga tena. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu. Kama ni ya alumini yenye matangi ya plastiki, sishauri, kwa sababu mirija yake ni laini na plastiki iliyozeeka hupasuka ikikunjuliwa. Nunua nyingine. Dawa za kumwaga na kusafisha zitaondoa kutu nyepesi, lakini mrija ulioziba kabisa haupitishi dawa pia. Kabla ya kufunga, iachie injini maji safi ya bomba hadi yatoke meupe, la sivyo uchafu uliobaki kwenye bloku utahamia kwenye rejeta mpya.

Wakati wa kujaza, egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungua hita hadi mwisho, acha kifuniko wazi, na minyaminya hozi ya juu mpaka themostati ifunguke na usawa wa maji ushuke. Ongeza, kisha funga.

Mzee wa Temeke

Marahaba, ndugu Mchukuzi. Nina swali moja kabla hujafunga kila kitu: je, ikipanda na mzigo hutoa moshi mweusi? Baadhi ya mafundi hukaza skrubu ya pampu ya dizeli ili gari “liwe na nguvu”, na dizeli hiyo ya ziada huongeza joto ambalo hakuna rejeta itakayolimudu. Vilevile, vilimani tumia gia ndogo mapema. Wota pampu na feni hufuata mizunguko ya injini, na injini inayovutwa kwa gia kubwa huzunguka polepole wakati ambapo inahitaji kupozwa zaidi.

Mchukuzi wa Mbezi

Moshi mweusi upo, ila ni mdogo. Nitaipeleka pampu ipimwe. Rejeta ilikuwa ya shaba, imesafishwa, na mirija iliyoziba ilikuwa palepale kipimajoto kilipoonyesha. Themostati mpya imefungwa. Jana nimepanda Goba mchana na mifuko 20 kwa gia ya pili na ya tatu. Mshale ulipanda upana wa mstari mmoja juu ya nusu, ukakaa hapo, na ulirudi nilipofika tambarare. Je, kupanda huko kidogo ni kawaida?

Fundi wa Gerezani

Ni kawaida. Themostati ya 82 huanza kufunguka hapo, lakini hufunguka yote kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kwenye mzigo mzito mshale husogea kidogo. Muhimu ni kwamba ulisimama na ukarudi. Pima usawa wa maji kila asubuhi injini ikiwa baridi kwa wiki ya kwanza, kwa sababu hewa iliyobaki hutoka kidogo kidogo na utahitaji kuongeza. Yakiendelea kupungua baada ya hapo, mulika tundu dogo lililo chini ya wota pampu mpya. Alama ya kulanti iliyokauka pale ina maana sili yake imekwisha kuanza kuvuja.