MALALAMIKO: Gereji zinazotoa kabureta kwenye magari ya michezo ya zamani, zinafunga mfumo wa nozeli nusunusu, kisha zinaficha nywila ya kompyuta

Wakuu, heshima zenu.

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo hili kwa mpangilio, kwa kuwa najua wako wenzetu wenye magari ya michezo ya miaka ya 1970 ambao hivi sasa wanashawishiwa kutoa kabureta na kufunga mfumo wa nozeli, yaani vifaa vinavyopuliza petroli kwenye injini, unaoendeshwa na kompyuta. Mfumo wenyewe siupingi. Ukifungwa ipasavyo unaishinda kabureta kwa ulaji wa mafuta, kwa kuwaka asubuhi, na kwa kupokea mguu unapokanyaga pedali. Kinachoniuma ni kwamba kitu kizuri namna hiyo tunauziwa nusu na tunakilipia kizima.

Gari langu ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, na wazee wetu wanalijua kutokana na mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews. Magari yale yalikimbia nyanda za juu na tambarare kwa kabureta, na mafundi wa wakati ule walifahamu kwamba injini inayopumua vizuri katika joto la pwani inahitaji mafuta machache ikifika milimani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko yangu: elimu iliyokuwapo zaidi ya miaka 50 iliyopita imepuuzwa na gereji inayojitangaza kuwa ya kisasa.

Jina la gereji sitalitaja. Nilipeleka gari likiwa na maelezo ya maandishi, nikaeleza kwamba linaishi Dar es Salaam lakini linapanda mara kwa mara hadi Mbeya, kwa hiyo ninachohitaji ni injini yenye nguvu ya chini ya kupandia milima na mfumo wa mafuta unaojirekebisha kulingana na mwinuko. Sikuomba gari la mashindano.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa ni kuitoa injini yake ya asili, L24, na kuweka injini ya 1JZ ya Toyota Mark II, kwa hoja kwamba spea zake zimejaa mjini. Hoja ya spea ni ya kweli, wala simlaumu mtu anayechagua njia hiyo akiwa amepiga hesabu zote. Ila hesabu hizo nilipoziuliza hapakuwa na aliyekuwa nazo: mounti za injini zitachomelewa wapi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) itapita vipi juu ya boriti ya mbele, propela itakatwa kwa urefu gani, difu ndogo ya R180 itahimili nini, na breki za nyuma ambazo bado ni za ngoma zitasimamisha nini. Jibu lilikuwa kwamba hayo yataonekana mbele ya safari. Nikakataa.

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi, nao ni kufunga turbo juu ya injini ileile ya L24. Hapa lazima nitende haki kwa turbo, kwa sababu kwa mtu anayeishi nyanda za juu ndiyo dawa hasa ya hewa nyepesi, maana inarudishia injini mgandamizo ambao mlima umeuondoa. Lakini Nissan wenyewe, waliotengeneza magari ya Datsun, walipotengeneza injini ya L28 yenye turbo ya mwaka 1981 hadi 1983, waliteremsha uwiano wa mgandamizo wa silinda hadi 7.4 kwa 1, wakaipa kompyuta kazi ya kusimamia mafuta na moto wa plagi. L24 ya kabureta ina uwiano unaokaribia 9 kwa 1. Kuibandikia turbo bila kubadili pistoni, bila kudhibiti taimingi na bila kuongeza uwezo wa kupoza ni kuipeleka kwenye mlipuko wa mapema unaotoboa pistoni, na aliyenishauri hivyo hakutaja hata moja kati ya hayo matatu.

Hatimaye tulikubaliana kufunga injini ya L28, na uamuzi huo nausimamia hadi leo. Ni ndugu wa L24 kabisa, inakaa kwenye mounti zilezile na kushika gia boksi ileile, ila pistoni ni pana zaidi, milimita 86 badala ya 83, na mwendo wake ni milimita 79 badala ya 73.7, hivyo ujazo unapanda kutoka sisi (cc) 2,393 hadi 2,753. Nguvu inayoongezeka inapatikana kwenye mizunguko ya chini, pale unapoihitaji ukiwa nyuma ya lori mlimani. Isitoshe, L28 ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980, kwa hiyo mwenye subira anaweza kuipata bila kuagiza Japani, mradi ahamishe sampu yake. Kwa wale wanaodhani mfumo wa nozeli kwenye injini hizi ni ubunifu wa vijana wa leo, gari la 280Z lililouzwa Amerika ya Kaskazini kuanzia mwaka 1975 lilitoka kiwandani na L28 yenye mfumo wa Bosch wa L-Jetronic, uliokuwa na kipimo cha hewa inayoingia. Zingatieni neno hilo, kipimo cha hewa, kwa sababu ndicho nilichonyimwa.

Gereji ilinifungia throto sita, yaani milango ya hewa inayofunguka unapokanyaga pedali, moja kwa kila silinda. Zinapendeza kwa macho na sauti yake inasisimua, sikatai. Tatizo ni kwamba throto za namna hiyo hazitoi mvuto wa hewa uliotulia ndani ya manifodi, hivyo kompyuta nyingi hupangwa kukadiria mafuta kwa kuangalia pembe ya throto na kasi ya injini tu. Kanyaga nusu kwenye mizunguko 3,000, kompyuta itasoma kwenye ramani yake, yaani jedwali la viwango vya mafuta, na kumwaga kiasi kilichoandikwa hapo, bila kujua kama hewa ni nzito au nyepesi. Ndiyo maana mpango huo lazima uambatane na sensa ya pili inayopima mgandamizo wa hewa ya nje muda wote gari linapotembea. Sensa hiyo haikufungwa. Kompyuta inapima hewa ya nje mara moja tu, ufunguo unapowashwa, kisha inaendelea na kipimo hicho hadi utakapozima.

Sasa fikirieni safari ya kutoka Dar es Salaam. Unawasha gari ukiwa usawa wa bahari, unapita Morogoro na Mikumi, unaanza kuupanda mlima Kitonga, na kompyuta bado inaamini kwamba uko Kariakoo. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya moja ya sita. Hewa imepungua kiasi hicho, mafuta hayakupungua hata tone. Kabureta nayo ina udhaifu huo, lakini angalau hewa ikiwa nyepesi mvuto kwenye koo lake hupungua, na mafuta yanayovutwa hupungua kidogo pamoja nao. Kwa hiyo gereji imechukua fedha yangu, ikaniondolea mfumo wa mwaka 1972, na kunifungia mfumo ambao mlimani ni mbovu kuliko ule ulioondolewa.

Kabla ya kufika Iringa gari lilikuwa linamisi na kutoa moshi mweusi. Nilisimama, nikalizima, nikaliwasha tena, likatulia kwa muda kwa sababu ufunguo uliilazimisha kompyuta kupima hewa upya. Nilipotoa plagi zilikuwa zimefunikwa masizi makavu meusi, zote sita kwa usawa, jambo linaloonyesha kwamba kosa haliko kwenye nozeli moja. Kijiti cha kupimia oili kilinuka petroli, na oili kwenye ncha yake ilikuwa nyepesi, inateleza kwenye vidole kama maji ya sabuni. Wanaoelewa injini wanajua maana yake: petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, na ukiendelea hivyo ringi zinakwisha kwenye injini ambayo imetoka kufungwa upya.

Nilipompigia simu fundi mkuu, aliniambia, "Bosi, gari la zamani lazima linywe mafuta." Hilo ndilo jibu la mtu aliyepewa maelezo ya maandishi kuhusu Mbeya.

Jambo linalonitisha zaidi ya ulaji wa mafuta ni mipira. Pampu ya kabureta inasukuma mafuta kwa mgandamizo wa takribani baa 0.25, ilhali mfumo wa nozeli unahitaji baa 2.5 hadi 3, yaani takribani mara kumi. Mpira uliounganishwa na bomba la nozeli umeandikwa ubavuni SAE 30R7, ambao ni mpira wa kabureta, wakati mfumo wa nozeli unahitaji angalau ule ulioandikwa 30R9. Kwenye klipu tayari ulikuwa unatoa jasho la petroli. Kwenye injini hizi za L, hewa inaingia na moshi unatoka upande uleule wa silinda hedi, kwa hiyo mpira huo unapita moja kwa moja juu ya manifodi ya ekzosi. Naomba kila mwenye gari la aina hii lililobadilishwa karibuni afungue boneti leo, asome maandishi kwenye mipira yake, na akikuta 30R7 asiliwashe hadi ibadilishwe yote pamoja na klipu zake. Hili linahusu watu kuungua ndani ya gari.

Kwenye tanki pia hawakugusa kitu. Tanki la 240Z lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta, ambayo ina bakuli lake la akiba, hivyo mafuta yakikimbilia upande mmoja kwenye kona injini haishtuki. Pampu ya mgandamizo mkubwa haina akiba hiyo, ikivuta hewa sekunde moja injini inakatika. Dawa yake ni kitanki kidogo cha akiba kati ya tanki na pampu, kinachojulikana kwa kila anayefanya kazi hii kwa uaminifu. Distributa ya pointi, kifaa cha zamani cha kugawa moto wa plagi, nayo iliachwa ndiyo inayoiambia kompyuta mahali injini ilipo, ingawa imechakaa na inachezacheza, badala ya kufunga gurudumu la meno na sensa kwenye krenki shafti.

Bado ningeweza kupeleka gari kwa fundi mwingine akarekebisha hayo yote, lau si jambo la mwisho. Kompyuta imefungwa kwa nywila. Nimeomba nywila, nikajibiwa kwamba ramani ya mafuta ni siri ya gereji na kwamba kila marekebisho lazima yafanywe kwao na yalipiwe. Nimeomba basi kumbukumbu za sensa ya oksijeni zinazoonyesha uwiano wa hewa na mafuta wakati walipokuwa wanatyuni, nikaambiwa hazikuhifadhiwa. Mtu anayetyuni injini kwa makini huangalia uwiano huo kwenye kila mzunguko na kila kiwango cha mzigo, anatafuta takribani sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta gari linapotembea taratibu na kati ya 12.5 na 13 injini inapokamuliwa. Kama hakuna kumbukumbu hata moja, nina haki ya kuamini kwamba ramani niliyouziwa ilinakiliwa kutoka kwenye gari jingine.

Naheshimu ujuzi wa fundi anayetyuni, kwa kuwa ni kazi ya saa nyingi na masikio mazuri. Lakini kompyuta niliinunua mimi, risiti ninayo, na kazi ya kuandika ramani imo kwenye risiti hiyohiyo kama kitu kilicholipiwa. Fundi aliyenifungulia injini hakufunga boneti kwa kufuli akaondoka na ufunguo. Sioni msingi wowote wa mtu kuniuzia ramani na kunizuia kuisoma, hasa wakati ramani hiyo inaiua injini yangu kila ninapopanda mlima.

Ninachodai kutoka kwa gereji hiyo, ambayo wahusika wake nina hakika wanasoma hapa, ni nywila na nakala ya ramani, sensa ya pili ya hewa ya nje ifungwe na kupangwa ipasavyo, mipira yote ya mafuta ibadilishwe, na oili imwagwe na kuwekwa mpya kwa gharama yao kabla injini haijawashwa tena. Kitanki cha akiba na gurudumu la krenki tutazungumza bei, kwa sababu havikutajwa kwenye makubaliano, ingawa fundi mwaminifu angevitaja yeye mwenyewe.

Kwa wenzangu mlioko Iringa, Mbeya na Arusha ambao mmefunga throto sita kwenye injini za L, naomba mniambie sensa ya hewa ya nje mmeiweka wapi ili isipate joto la injini, na kama yupo fundi huko anayetyuni gari barabarani, kwenye mlima wenyewe, akamkabidhi mteja faili lake bila masharti. Waliofungiwa kompyuta kwa nywila na gereji yoyote ya Dar es Salaam nao naomba waandike hapa walijibiwa nini walipoidai, kwa sababu nakusudia kupeleka madai yangu kwa maandishi wiki hii na ningependa yaambatane na ya wengine.